Walipopinduka Ziwani

Wimbi la tatu ndilo lililowapindua. Verna aliibuka akitema maji, akamwona mdogo wake Kermit ameng'ang'ania mwamba kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa unaning'inia. Mtumbwi wao ulikuwa unasukumwa na upepo kuelekea ng'ambo ya ghuba, tumbo juu. Hema, mablanketi na chakula vilikuwa vimekwisha kuzama.

Alimburuta hadi nchi kavu, chini ya misonobari. Mvua ya Oktoba ilianza kuchanganyika na theluji.

"Bega limetoka," Kermit alisema, meno yakigongana.

"Naliona."

"Kahawa je?"

"Imezama."

"Afadhali. Jinsi unavyoipika."

Verna alimfunga mkono kwa skafu yake, akamkalisha mahali upepo usipofika. Tangu Kermit alipostaafu na kurudi Minnesota, kila Jumapili alikuwa akija kwa dada yake mjane. Wakimaliza kula walitandaza ramani mezani, wakabishana wapige kambi wapi majani yatakapogeuka rangi. Kiangazi kizima kilipita hivyo. Sasa majani yalikuwa mekundu kila upande, na kiberiti kilikuwa kimelowa.

Mtumbwi ulikwama kwenye matete upande wa pili. Bila huo hapakuwa na njia ya kufika barabarani.

"Naufuata," Verna alisema.

"Kwa magoti hayo?"

"Sina mengine. Wewe piga mluzi, usilale. Nisipokusikia nageuka."

Aliizunguka ghuba akipanda magogo yaliyoanguka, akizama matopeni hadi mapajani. Mara mbili aliketi, na mara zote mbili hakutaka kuinuka. Mluzi wa Kermit, mbovu, usio na wimbo, ndio uliomwinua.

Kisha ukakoma.

Verna alisimama, akaita. Hakujibiwa. Matete yalikuwa karibu kuliko alikotoka, na alijua kwamba akirudi mikono mitupu hatakuwa na nguvu za kuja tena. Wangefia pale wote wawili. Alilitamka jina la mdogo wake kwa sauti ndogo, kisha akaendelea mbele.

Aliuinua mtumbwi upande mmoja, maji yakamwagika. Kasia moja lilikuwa limenasa kwenye matete. Upepo ulikuwa unamjia usoni, hivyo hakupiga kasia. Aliushika mtumbwi kwa kamba akauvuta kandokando ya ufuko, maji yakimfika kiunoni. Miguu hakuihisi tena. Aliitazama tu ikienda.

Kermit alikuwa ameketi palepale, macho wazi, midomo ya buluu.

"Ulinyamaza," Verna alisema.

"Midomo ilikufa ganzi. Nikaogopa utageuka."

"Sikugeuka."

"Vizuri," Kermit alisema.

Upepo ulipopungua Verna alipiga kasia kuelekea kusini. Kila Kermit aliposinzia alimgusa mgongoni kwa ncha ya kasia. Giza lilikuwa linaanza kuingia waliposikia mashine ya boti. Wawindaji wawili wa bata waliwapandisha kwenye boti yao, wakawavua makoti yaliyolowa, wakawafunika pamoja kwa turubai na kila nguo waliyokuwa nayo.

Walitetemeka tu, wameegemeana.

"Kermit," Verna alisema mwishowe. "Mimi kulala kwenye hema sijawahi kupenda. Tangu utotoni."

"Hata mimi."

Verna aligeuza shingo kwa shida, akamtazama. "Sasa kiangazi kizima tulikuwa tunapanga nini?"

"Wewe ulikuwa unapanga," Kermit alisema, amefumba macho. "Mimi nilikuwa nakuja kukuona."

Verna alitaka kucheka, lakini nguvu ya kucheka hakuwa nayo. Alilivuta turubai likamfika mdogo wake kidevuni, na safari hii alimwacha alale.