Poti Iliyoachwa Wazi Msibani

Waya wa simu ulikuwa umechomolewa, lakini kompyuta ya Salvatory ilipokea ujumbe.

Ilikuwa mchana, nyumbani kwake Bariadi mjini, miaka ile intaneti kafe zilipoanza kufunguliwa kila penye laini ya simu. Milembe, shemeji yake, aliacha kufagia.

"Shemeji, nani anaandika?"

Kompyuta ina anwani moja, kama nyumba. Milango yake ni maelfu, kila mmoja na namba yake, ndiyo poti. Kurasa za intaneti hupita poti ya 80, barua pepe hupita ya 25. Poti isiyo na programu ya kuisikiliza humkataa kila anayebisha. Ile ya 4040 Salvatory aliifungua mwenyewe, ili mkewe Monika, alipokuwa akitibiwa Mwanza, amwandikie moja kwa moja. Monika alipofariki, mlango wa nyumba ya msiba uliachwa wazi, kama desturi. Matanga yalipokwisha, mlango ulifungwa. Poti hakuigusa.

Harufu ya dawa ya hospitali ikajaa chumbani.

*Baba Lucy, nimechoka kukaa nje. Mlete mtoto akae hapa.*

"Ni dada," Milembe alinong'ona. "Twende Zagayu kwa mganga, yule mfumu wa kule. Atajua la kufanya."

"Mfumu hakufungua hapa. Nilifungua mimi."

Lucy akaingia kutoka uani bila kuitwa, macho yameganda kwenye kioo, akitembea polepole kama anayevutwa kwa kamba, akisema "mama, mama" kwa sauti ndogo, na kadiri alivyokisogelea kiti cha mbele ya kompyuta ndivyo herufi zilivyozidi kumiminika, *mlete, mlete, mlete*, hadi kioo kikajaa.

Salvatory alimdaka mkono.

"Monika alinikataza kumpeleka mtoto amwone alivyokonda," alikiambia kioo. "Hadi siku ya mwisho alikataa. Wewe humjui kabisa."

Alijua akiifunga poti hatakuwa tena na mahali pa kumngojea. Akaizima programu.

Herufi zikakoma. Kisha kioo kikaonyesha anayebisha poti ya 4041. Imekataliwa. Ya 4042. Imekataliwa. Ya 4043.

"Njoo, mayu, njoo mwanangu," Milembe alimbeba Lucy. "Shemeji, itajaribu milango mingapi?"

"Ipo elfu sitini na tano na ushei."

"Na ikimaliza?"

"Itaanza upya." Akavuta kiti, akakikabili kioo. "Haya, bisha. Mwenye nyumba yupo."