Mafuta Yanapoanza Kutembea

Rosine alisukuma gogo jingine chini ya sufuria kubwa. Mafuta ya mawese yaliyosafirishwa kutoka kijiji cha Yanonge yalikuwa yameganda kwa baridi ya mvua. Aliyagusa kwa juu kwa ncha ya kidole. Baridi bado.

"Mama Benie, nasikia harufu," alisema Désiré, mume wake, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Iko inaungua."

"Inaungua namna gani, na juu iko baridi? Pua yako ni ya polisi?"

"Alors, koroga."

"Mafuta haikorogwi mpaka icheke!"

Kucheka ni kutoa mapovu. Ndivyo marehemu mama yake, mama Aurélie, alivyomfundisha. Soko lote la Makiso, mjini, lilijua mafuta mekundu ya mama Aurélie. Lakini tangu Rosine ashike kazi, mafuta yalitoka meusi na machungu. Jana Pélagie, aliyewauzia mafuta sokoni na waliyemwita tantine, yaani shangazi, alirudisha chupa zote. "Ukiniletea tena ya kuungua," alisema, "jina la mama yako litaisha sokoni."

Na haya ndiyo mafuta ya mwisho waliyokuwa nayo.

Jirani yao Khadija, mwalimu wa fizikia aliyetoka jimbo la Maniema, aliinua kichwa juu ya ua, akanusa. "Rosine, toa moto! Haraka!"

Alikuja mbio. Walichota mafuta ya juu, bado mabonge mazito, wakayatia katika sufuria safi. Chini kabisa yalibaki machache, meusi. Rosine aliyakwangua kwa mwiko.

"Yaya Khadija, dada yangu mkubwa, sababu gani?"

"Ngoja nikuonyeshe."

Khadija alibandika maji jikoni, akatupia majani ya chai. Punde majani yakaanza kupanda katikati, yakasogea pembeni, yakazama, yakapanda tena.

"Nani anayakoroga?" aliuliza Khadija.

"Hakuna mutu," alisema Désiré.

"Moto wenyewe. Maji ya chini yakipata joto yanatanuka, yanakuwa mepesi, yanapanda. Ya juu ni baridi na mazito, yanashuka. Hivyo joto linafika kote. Bon, mafuta yaliyoganda ni mazito mno. Yale ya chini yanataka kupanda, lakini yanabanwa. Joto linakaa chini, linaunguza, na wewe unagusa juu unaongeza kuni."

Rosine aliinamisha kichwa. "Kumbe mama alinifundisha vibaya?"

"Mama yako alikuwa anapika mafuta wapi?"

"Yanonge. Palepale kwenye kinu, yakitoka tu kukamuliwa."

"Yalikuwa ya moto?"

"Ndiyo, mepesi kama..." Rosine aligeuka kutazama sufuria. Kisha akacheka kwa sauti. "Kumbe mama alikuwa na haki! Mafuta yake yalikuwa yanatembea yenyewe. Yangu inafika huku imelala!"

"Ndiyo hivyo. Yako lazima uiamshe polepole."

Walianza upya, kwa makaa machache. Rosine alivunja mabonge kwa mwiko mrefu, akakoroga taratibu kutoka chini. Mafuta yalilegea. Alipoacha kukoroga, nyuzi chache za mawese zilielea juu, hazisogei.

"Bado," alisema, akaendelea.

Aliacha tena. Safari hii uzi mmoja ukatikisika katikati, ukateleza hadi ukingoni, ukazama. Mwingine ukaufuata.

"Désiré, kuja uone! Inatembea! Mwiko uko nje, mkononi mwangu!"

"Ngoja na pua yangu ione," alisema Désiré, akainama. Hakukuwa na harufu ya kuungua.

Hapo ndipo Rosine alipoongeza kuni kidogo. Mafuta yakacheka, yakatoa maji yaliyobaki, kisha yakatulia, mekundu ya kung'aa. Aliipua, akasimama wima kando ya sufuria.

Tantine Pélagie alipita jioni. Akachovya kijiko, akapuliza, akaonja. Akalamba kijiko.

"Haya ni ya mama Aurélie," alisema. "Nipe leo."

"Hapana, tantine. Uchafu haujatuama chini. Kesho asubuhi nitayamimina katika chupa."

Alifunika sufuria kwa kitambaa safi, akaweka chupa tupu kando yake.