Mjane Aliyejifukiza Udi

"Kahawa imemwagika."

Simu ikakatwa. Sauti ilikuwa ya Suhail, mkuu wa Idara ya Usalama, na maana yake ilikuwa moja: kafa mtu mkubwa, na kifo chake kina walakini.

Khairat hakushtuka. Tangu atoke eda ya mumewe, mwezi uliopita, hakuna kilichomshtua. Alikula bila ladha. Alicheka watu wakicheka. Akavaa buibui, akachomeka Glock 19 kiunoni, akashuka ngazi.

Marehemu alikuwa Dk. Sabri Duni. Mchana huo, ukumbini Amani, wajumbe wa Chama cha Mwambao walikuwa wapige kura za maoni kumpata mgombea urais, na hata wapinzani wake walijua Sabri angeshinda. Juzi boti yake ikakutwa tupu, nje ya mwamba wa Paje. Wakamsalia bila maiti, wakafuta jina lake. Akabaki Anwar Tahir, kipenzi cha Kessler, mzungu mwenye hoteli Paje na uchu wa gesi yetu.

Mbio zote hizo, jamani, na hakuna aliyeuliza za nini!

Msiba ulikuwa Malindi, mjini Unguja. Mikeka ilijaa wanawake. Mjane, Bi Mwanapili, alikaa pembeni, kavaa meupe, macho chini. Khairat akainama kumpa mkono wa pole.

Akasita.

Udi.

Si wa chumbani. Ulitoka kwenye nguo zake, mbichi kabisa. Na chini ya mtandio, kifuani, kilijificha kikuba, kishada cha asumini.

Khairat alikaa eda bila wanja, bila mafuta mazuri, bila hata sabuni ya kunukia. Hakuna mjane Unguja asiyeyajua hayo. Huyu alikuwa kajipambia mume.

Akamwingiza chumbani, akafunga mlango.

"Bi Mwanapili, mumeo yu hai."

"Astaghfirullah! Unanitakia nini, mwenzangu?"

"Unanukia."

Mwanapili akaketi kitandani.

"Nikimkalia eda mtu anapumua, si nnamwombea kifo? Nliwakubalia yote hao waliomteka. Nikanyamaza, nikavaa meupe. Hilo moja lilinishinda, wallahi. Asubuhi wamempa simu tukazungumza. Wamesema kura zikishapigwa watamrudisha."

"Keshaziona sura zao?"

"Keshaziona."

"Basi hawamrudishi."

Alilisema kama anayetaja bei ya mchele. Mwanapili akajiziba mdomo kwa mtandio, kilio kisivuke mlango.

"Nenda," alisema. "Mimi urais siutaki. Nirudishie mume wangu."

Khairat akampigia Suhail, akamsomea namba iliyompigia Mwanapili asubuhi.

"Ipo Paje," Suhail alijibu baada ya kuifuatilia mtamboni. "Hoteli ya Kessler, ile iliyofungwa kwa ukarabati. Nikupe watu?"

"Watachelewa. Waweke Amani."

"Khairat, ukikosea..."

Akakata.

Harrier yake ilipita Tunguu kwa kasi ya mia na arobaini. Khairat aliisubiri hofu. Haikuja. Hilo ndilo lililomuuma, kidogo.

Paje kulikuwa na upepo mkali na kaiti za wageni wanaoteleza majini zilijaa hewani. Mlinzi alisimama mbele ya stoo ya hoteli.

"We mama, huku hakupiti mtu!"

Kitako cha bastola kikamlaza.

Ndani, Kessler alikuwa anakaza kiziba sauti kwenye Beretta. Nyuma yake, Sabri alifungwa kwenye kiti, miguu mitupu.

Risasi mbili.

Ya kwanza Kessler alikosa. Ya pili haikuwa yake. Bastola ikamtoka, akaanguka akishika bega, na Khairat akamfunga pingu kwenye bomba.

"Nani kakutuma?" Sabri aliuliza.

"Mkeo."

Ukumbini Amani, kura zilikuwa zishahesabiwa. Anwar alishika maikrofoni, akimlilia "ndugu yetu marehemu". Mlango ukafunguliwa. Marehemu akaingia.

"Lahaula!"

Wajumbe wakapanda juu ya viti. Mmoja alianza Ayatul Kursi kwa sauti ya juu, akakwama katikati. Anwar akachopoka mlango wa nyuma, na vijana wa Suhail wakampokea.

"Wapi tena, mheshimiwa?"

"Kura zirudiwe!" alipiga kelele mwenyekiti. "Dokta, njoo jukwaani!"

Wote wakapiga makofi, wale wale waliofuta jina lake. Sabri akaichukua maikrofoni.

"Mlinisalia, ahsanteni. Hakuna hata mmoja aliyeuliza maiti iko wapi. Aliyekataa kunizika ni mke wangu peke yake, naye mpaka saa hii hajui kama bado nnapumua. Rudieni kura zenu. Jina langu msilitie. Nipisheni, nnakwenda nyumbani."

Wakampisha.

Nje, Khairat alipokea simu ya Suhail.

"Umemnasa mwizi wa kura, umetukosesha rais," alisema. "Unajisikiaje?"

"Sijisikii."

Akakata, akapiga Malindi.

"Anakuja," alisema.

Mwanapili alilia, kilio cha wazi sasa, na nyuma yake wanawake wa msiba wakaanza kupiga vigelegele. Khairat alishika simu sikioni mpaka vigelegele vikaisha. Aliona wivu. Ulikuwa mkali, wa kweli, na alifurahi kuuona.

Akavaa miwani yake ya jua, akavuka barabara, akaenda zake.