Simu Iliyodhani Pikapu Ina Miguu

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto wa chai, Sellah aliingia chumba cha nyuma. Aliangalia joto la mashine ya kutotolea, kisha akayageuza mayai polepole, kama mtu anayemgeuza mtoto aliyelala. Nyumba yao ilikuwa mahali paitwapo Kwanza, huko Trans-Nzoia, lakini sifa yake ilikuwa imefika Kitale. Mtu akiuliza vifaranga wazuri hutoka wapi, alijibiwa, "Nenda kwa Mama Tonny."

Siku moja alipigiwa simu na Nabwile, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa Matulo, kule karibu na Webuye.

"Tuletee wachache kwanza, tuone," Nabwile alisema. "Tukiridhika, tutachukua kwako kila mara unapototoa."

Sellah alifurahi hata chai ikachemka, ikamwagika mekoni.

Mwendeshaji wa pikapu yao alikuwa Khisa, mume wake. Khisa alikuwa dereva mzuri, lakini hakupenda kuuliza njia.

"Ukiuliza njia huko kwetu Bungoma," alisema, "kwanza ni salamu. Halafu unaulizwa wewe ni wa ukoo gani. Halafu inagunduliwa nyanya yako aliolewa hapo jirani. Halafu chai. Mpaka umalize, vifaranga wameota manyoya."

Kwa hivyo alipoona tangazo kubwa mjini Kitale, lilimwingia moyoni. Tangazo lilisema: "Simu inayojua kila njia. Hutapotea tena, hata pasipo na mtandao." Khisa aliuza ile simu yake ya zamani, akaongeza pesa, akanunua hiyo mpya.

Jumapili aliijaribu wakienda kanisani kwa miguu. Simu ikasema kwa sauti, "Pinda kulia." Waumini wakageuka. Khisa akanyoosha shingo, akatembea kama chifu.

"Umeona? Imetufikisha," alisema.

"Baba Tonny," Sellah alijibu, "hata mbuzi wetu anajua njia ya kanisa."

Siku ya safari ilifika. Waliwapanga vifaranga katika makasha yenye matundu, wakayafunika kwa turubai. Walipita Kitale, wakapita Kiminini, wakapita Kamukuywa. Walipovuka Misikhu, simu ikasema, "Pinda kushoto."

"Lakini watu wa Webuye hufuata lami," Sellah alisema.

"Hii inajua njia fupi. Si ndiyo maana nimeinunua?"

Wakaingia barabara ya udongo. Mvua ikaanza. Barabara ikawa nyembamba, miwa ikagusa vioo pande zote mbili. Kisha mtandao ukapotea. Ramani ikabaki nyeupe, na katikati yake kitone kimoja cha buluu. Khisa aliendelea mbele, kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kugeuza gari. Mwishowe njia ikaishia kwenye mto mdogo. Juu ya mto palikuwa na magogo mawili yaliyofungwa kwa waya.

Bibi mmoja alikuwa akipalilia maharagwe kando ya mto. Aliinuka, akashika kiuno.

"Kukhu, shikamoo," Khisa alisema, akimwita nyanya kwa lugha ya kwao. "Tunaenda Matulo."

"Marahaba. Na hilo gari atalibeba nani kichwani?"

"Simu ndiyo imetuleta, Kukhu."

"Basi simu yako inadhani gari lina miguu," bibi alisema. "Rudini nyuma hadi kwa kisima, hapo mtageuza. Halafu mshike lami."

Walirudi kinyumenyume katika matope. Walikwama, wakasukumwa na watu wa shamba, wakakwama tena. Chini ya turubai, sauti za vifaranga zilizidi kupungua. Sellah alizisikia zikipungua, na kila moja iliyonyamaza ilimchoma.

Walipofika Matulo, baadhi ya vifaranga walikuwa wamekufa kwa baridi. Nabwile aliwatenga pembeni. Waliobaki akawaweka chini ya taa.

"Mama, kazi yako ni nzuri," alimwambia Sellah. "Hata mimi naona. Lakini tumewangoja tangu asubuhi. Kama hamwezi kutufikia, tutatafuta mtu wa karibu."

"Nipe nafasi moja tu," Sellah alisema. "Mashine ina mayai mengine."

"Moja," Nabwile alijibu.

Jioni ya siku ya pili yake, Sellah aliichukua simu, akaenda nayo kwa jirani yao Jelimo. Khisa alimfuata nyuma, mikono mfukoni. Jelimo alikuwa afisa wa mifugo. Kila siku alizunguka mashambani kwa pikipiki, na simu ilikuwa sehemu ya kazi yake.

Jelimo alizima data. Ramani ikawa nyeupe, kitone kikabaki.

"Hii simu si mbovu," alisema. "Inajua mahali ulipo. Habari hiyo inaipata kwa setilaiti, haihitaji bando. Lakini ramani yenyewe huja kwa mtandao. Usipoihifadhi kwenye simu kabla ya kutoka, ni kama kusimama shambani usiku. Unajua uko shambani, lakini mpaka wa shamba huuoni."

"Kwa hivyo tangazo limenidanganya?" Khisa aliuliza.

"Limesema nusu, nusu nyingine likanyamaza. Hukusoma maandishi madogo pale chini?"

"Yale? Nilidhani ni jina la mchoraji."

Sellah aligeuza uso ili asicheke.

"Kabla ya kununua, mwambie muuzaji akuonyeshe," Jelimo aliendelea. "Azime data hapo hapo, mtoke nje, muone kama inaongoza. Jambo ambalo hakuonyeshi, usililipie." Kisha akagusa picha ndogo juu ya ramani. "Na hapa ulichagua nini?"

Khisa aliinama kuangalia. "Kamtu kanatembea."

"Tangu Jumapili ya kanisa simu imekuwa ikikupeleka kwa miguu, bana. Chagua gari."

Khisa aliitazama tena ile picha. Kisha alicheka yeye mwenyewe, na wanawake nao wakaachilia kicheko.

"Moja la mwisho," Jelimo alisema. "Ramani haijui mvua ya jana. Mpigie mwenyeji, akutumie lokesheni yake, na akwambie barabara ikoje."

Sellah hakutaka kuonyeshwa tu. Alitaka kufanya kwa vidole vyake. Alihifadhi ramani ya Trans-Nzoia na ya Bungoma, akafuta, akahifadhi tena. Kesho yake walizima data, wakaijaribu simu katika njia ya Kitale wanayoijua, ili waone inapokosea.

Vifaranga wengine walipototolewa, walitoka mapema. Sellah ndiye aliyeshika simu. Mbele ya Kamukuywa mtandao ulipotea, lakini safari hii ramani haikupotea. Barabara zilionekana, na kitone kilisonga juu yake. Walipokaribia Misikhu, simu ikaonyesha njia nyingine ya mkato, ikasema, "Pinda kushoto." Khisa akapunguza mwendo.

"Nimeongea na Nabwile asubuhi," Sellah alisema. "Trekta la miwa limekwama huko. Tufuate lami."

"Simu inasema kushoto."

"Nabwile analala huko. Simu inapita tu."

Khisa akakanyaga mafuta, wakafuata lami.

Akina mama walikuwa bado wakipanga vyombo vya maji pikapu ilipoingia uani. Nabwile alifunua kasha la kwanza. Kelele za vifaranga zilijaa nyumba nzima. Akafunua la pili, na la mwisho. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amelala. Walipowekwa chini ya taa, walikimbilia maji wakikanyagana.

"Mama Tonny," Nabwile alisema, "kuanzia leo hatununui kwa mtu mwingine."

Mwanamke mmoja aliyekuwa mlangoni akauliza vifaranga hao wenye nguvu wametoka wapi.

Sellah alijipangusa mikono, akasimama wima.

"Wametoka Kwanza," alisema. "Nimewatotoa mwenyewe, na nimewaleta mwenyewe."