Bi Sheikha Atafuta Mtu wa Kumtangazia Singo

Nyumba ya Bi Sheikha iko mtaa wa Malindi, na huhitaji kuulizia. Fuata harufu tu. Liwa, karafuu, mawaridi, asmini. Anavitwanga vyote kwenye kinu, vinakuwa singo. Halafu anawasinga wari. Mwari ni bibi harusi anaewekwa ndani kabla ya siku yake. Anasuguliwa singo mwili mzima mpaka ngozi inang'ara, na mtu wa nje hamuoni.

Kazi hii Bi Sheikha kaachiwa na mama yake. Lakini siku hizi wateja wachache. Wengi wanakwenda saluni.

Sasa, ana binti mmoja, Hind. Shangazi yake Hind yuko Maskati, kamtafutia kazi ya dukani. Keshapiga simu mara tatu.

"Mama, mie nasubiri mwezi wa harusi tu, ule wa baada ya Ramadhani," Hind akasema. "Mfunguo Mosi ukiingia na hatuna wari, nakwenda."

"Nenda, mwanangu. Nani kakushika?" Bi Sheikha akajibu. Na huku kamshika kanga yake, haiachii.

Basi wakaamua kutangaza. Mtaani kuna kijana, Basil, ana wafuasi elfu hamsini mtandaoni. Wakampa kazi palepale. Hawakumuuliza hata swali moja! Basil akaja na droni, akairusha juu ya mapaa, na muziki kwa sauti. Mwisho wa video akapiga kelele: "Njoo Malindi, usuguliwe na Bi Sheikha!"

Asubuhi simu ikalia. Mwanamme. Mgeni. Anataka kukandwa mgongo. Ikalia tena. Mwanamme mwengine.

"Astaghfirullahi!" Bi Sheikha akaitupa simu kitandani. "Hind, ipokee wewe! Hapana, usiipokee!"

Simu ya tatu ndiyo iliyomuumiza. Ilikuwa ya mama mmoja aliyekwisha kuagiza mwanawe asingwe. "Samahani, Bi Sheikha. Mwari wangu namficha, na kwako sasa kuna kamera. Tumeshatafuta kwengine."

Bi Sheikha akakaa chini jikoni. Hakutwanga siku ile. Hind akaenda chumbani, akaanza kukunja nguo zake.

Jioni akaja jirani wa ghorofa ya juu, Mayasa, na kisahani cha vitumbua. Mayasa ni afisa mawasiliano kwenye ofisi moja mjini. Kazi yake ni hiyohiyo, kufikisha habari kwa watu.

"Shikamoo, Bi Sheikha."

"Marahaba. Umeiona video?"

"Nimeiona."

"Usinicheke, mwanangu."

"Sikucheki. Nlicheka jana, leo nshamaliza." Bi Sheikha mwenyewe akacheka kidogo. Mayasa akakaa. "Basil hana kosa. Anajua kuita wageni wa boti na mikahawa. Ile ndiyo kazi yake. Hebu nambie, wewe unataka nani akusikie?"

"Mama wa bibi harusi."

"Na yeye habari kama hizi anazipata wapi?"

"Kwenye shughuli. Maulidi, harusi za watu."

"Na magrupu ya wasapu ya kina mama," Hind akadakia kutoka chumbani. "Humo hawalali!"

"Basi mtafute mtu anaejua kusema na hao," Mayasa akasema. "Wafuasi wengi peke yake haitoshi. Muombe akuoneshe kazi alizofanya. Wapigie aliowafanyia. Na mtazame, akija anauliza au anajisifu tu? Hajakuuliza kitu, atakutangazia nini?"

Yeye alimjua mmoja, Mwanakhamis, zamani alikuwa mtangazaji wa kipindi cha wanawake redioni. "Lakini msimchukue kwa sababu yangu," akasema. "Mchunguzeni."

Hind akampigia mama mmoja wa Chukwani, muuza sabuni za mwani, aliyewahi kufanya kazi na Mwanakhamis.

"Tangazo langu la mwanzo alilikataa," yule mama akasema. "Kasema lina uongo. Nlinuna siku mbili! Halafu nkaona kweli. Alileta kazi kwa wakati, na wateja hawajanirudia kulalamika."

Mwanakhamis akaja. Hakutoa simu. Akanusa singo, akauliza: "Mwari wa mwisho alikwambia nini alipotoka?"

Bi Sheikha akafikiri. "Alisema alikuwa anaogopa harusi. Nlipokuwa namsinga, akalala."

"Hayo ndiyo tutakayoyasema. Kwa sauti yako mwenyewe. Na sura ya mtu haitatoka hata moja."

Kabla ya kuanza, Mwanakhamis akaomba daftari. Wakaandika makubaliano: atafanya nini, kwa muda gani, malipo yake, na tangazo halitoki mpaka Bi Sheikha alisikie, alikubali. Mwezi mmoja wa majaribio. Wote wakatia saini.

Tangazo lilikuwa ujumbe wa sauti, dakika moja tu. "Mie Bi Sheikha wa Malindi. Huenda mama yangu ndiye aliyemsinga mama yako. Mwanao nitamfungia mlango, na simu zote zitabaki ukumbini." Mwanakhamis akaupeleka kwenye magrupu ya kina mama. Kwenye maulidi ya Mtoni akampeleka Bi Sheikha mwenyewe na vikopo vya singo, watu wanuse.

Wiki ile akapiga mama wa Mtoni. Halafu wa Chukwani. Mwezi haujesha, Mfunguo Mosi ulishakuwa na wari watano.

Halafu Maskati ikapiga. Bi Sheikha alikuwa jikoni anatwanga. Akasikia, "Naam, shangazi," akausimamisha mchi hewani.

"Hapana, shangazi, siji," Hind akasema. "Nna wari watano, mama peke yake hawezi. Wewe mwanao unamuoza lini? Mlete huku, tutamsinga sie."

Kule jikoni kinu kikaanza tena. Kikatwangwa kwa nguvu mpaka Mayasa akachungulia kutoka juu. "Bi Sheikha, pole pole! Unaibomoa nyumba!"