Mtoto Aliyebaki Kwenye Maua

Tangu warudi kutoka kupigwa picha, Noemí aliketi kwa namna moja tu: miguu imekunjwa, viganja magotini, tabasamu. Mezani hivyo. Kwenye beseni la kuogea hivyo. Siku ya tatu Herlinda, mama yake, aliacha kujidanganya kwamba ni michezo ya mtoto wa miaka minne.

"Alishtuliwa na nini?" aliuliza bibi Eulalia, mganga wa mtaani, akimpangusa mtoto kwa kitita cha majani mabichi.

Herlinda alisita. Kila majira ya kuchipua walimketisha katikati ya maua ya buluu kando ya barabara kuu, kama familia zote za Texas. Safari hii mtoto alikataa kuinua uso. Mpiga picha alibembeleza mpaka akachoka, jua linachoma, gauni la kanisani linachafuka.

"Nilipiga kelele, 'Nyoka!' Ili atazame tu."

"Mama mzima, Herlinda!"

"Nilikuwa nimechoka, bibi. Na picha ilitoka nzuri."

"Nzuri ya nani?" Bibi alinusa nywele za mtoto, akarudi nyuma hatua moja. "Roho yake iliruka ikabaki kule. Humu kimeingia kingine. Mrudishe palepale, umwite kwa jina. Leo hii. Kesho watu wa barabara wanayafyeka maua."

Alasiri ile uwanja wa maua ulijaa watu, na kila familia ilikuwa imelaza maua mahali pake. Herlinda alizunguka na mtoto begani, naye alizidi kuwa mzito.

"Mama, umepoteza simu?" alitania msichana mmoja aliyevaa joho la mahafali.

"Nimepoteza mtoto."

"Si huyo umembeba?"

Herlinda alimpita. Aliiona ile nguzo ya uzio iliyopinda, iliyotokea kwenye picha, akamketisha Noemí chini yake.

"Noemí, njoo. Usibaki huko."

"Usimwite," alisema mtoto, tabasamu halijasogea. Sauti ilikuwa kavu kama majani yakisuguana. "Mimi sisumbui. Sili sana."

Herlinda alitamani kukimbia, lakini aliita mara ya pili, na harufu ya udongo uliofukuliwa ikapanda kutoka kwenye gauni jeupe, vidole vidogo vikamshika kifundo cha mkono vikakaza mpaka mfupa ukauma, na alipoita mara ya tatu kwa sauti iliyokuwa karibu kukatika, mbali kule ndani ya maua, pasipo mtu, kitu kikaitika: "Naja."

Vidole vililegea. Noemí alianguka kifudifudi, akatapika, kisha akapiga yowe: "Mama, nyoka! Nyoka!"

Herlinda alimnyakua akakimbia naye hadi kwenye gari. Mkono ukiwa mlangoni, alisikia nyuma yake sauti yake mwenyewe.

"Herlinda, njoo. Usibaki huko."

Kinywa chake kilishafunguka, kama mtu yeyote anavyoitika akiitwa. Noemí akakiziba kwa kiganja.

"Usiitike, mama. Kule kuna baridi."

Herlinda aliwasha gari. Nyuma yao sauti ilianza kuita majina mengine, moja baada ya jingine, bila haraka, kila jina kwa sauti ya mama tofauti. Na mwishowe, katikati ya familia zilizotabasamu mbele ya kamera, mtoto mmoja akaitika.