Fanueli Hakuwa Bubu

Tekla alikuwa mama lishe kwenye kiwanda cha kupasua mbao, Mafinga. Mashine za pale zinanguruma kutwa. Hata ukipaza sauti, nani akusikie! Basi watu wanaongea kwa mikono. Kidole kimoja ni chai tupu, viwili ni chai na chapati. Mwanawe Fanueli alishinda naye hapo hapo. Jioni Tekla na mumewe Ambrosi walirudi nyumbani hoi, nao waliendelea na ishara zao.

Fanueli akatimiza miaka miwili na nusu bila kutamka neno. Akitaka maji, alinyoosha kidole. Alipewa, akanywa, basi.

"Ulimi wake umefungwa," mama mkwe alisema. "Jumamosi anakuja fundi kukata kale kanyama ka chini."

Tekla alimvuta Fanueli kifuani. Wembe mdomoni mwa mwanawe! Lakini mkwe utamjibuje? Ijumaa asubuhi alimkimbilia Yusta, mhudumu wa afya wa mtaa wao.

"Kamwene, dada Yusta. Mwanangu wanataka kumkata ulimi!"

Yusta alimtolea Fanueli ulimi. Fanueli akacheka, naye akautoa wote nje.

"Ulimi huu una kosa gani?" Yusta aliuliza. "Msimkate! Atatoka damu, atapata na vidonda. Twende hospitali wampime masikio kwanza."

Walimpima. Masikio yalikuwa mazima.

"Sasa niambie ukweli," Yusta alisema. "Nyumbani mnaongea naye?"

Tekla aliona aibu. "Tunampa tu anachoonyesha."

"Sasa aongee ili iweje? Mtoe kwenye kelele za mashine. Ongea naye, Kihehe au Kiswahili, vyote sawa. Akionyesha kikombe, sema 'maji', kisha subiri naye ajaribu. Usimcheke. Baada ya miezi mitatu mlete tena hospitali wamwangalie."

Jioni ile Ambrosi alimwambia mama yake, "Mama, fundi asije. Mtoto atashinda na wewe. Umsimulie mambo."

Bibi alinuna siku mbili. Lakini kwa kuongea, bibi yule hajambo! Siku ya tatu alianza, na hakunyamaza tena. Alitaja kuku, jembe, mboga, hata majirani na mambo yao. Baada ya wiki chache Fanueli alisema "maji". Tekla alilia kwa furaha.

Mwezi wa pili, Tekla alirudi kutoka kazini akasikia vigelegele uani. Alikimbia.

"Kuna nini, mama?"

"Nimemwambia akaoge," bibi alisema, machozi yakimtoka kwa kicheko. "Kanijibu, 'Bibi, sitaki!'"